Kampuni Ilifungwa, Msimbo Ukabaki

Kwa zaidi ya miaka ishirini, mpenda gemu aliyeulizia Linux alijibiwa kwa mkato: huo ni mfumo wa seva na wa wataalamu, asijisumbue. Jibu hilo lilikuwa na ukweli wake, lakini lilisahau asili ya ukoo. Unix, mfumo endeshi ambao Linux iliigwa kutoka kwake, ulianza kwa sababu mtu mmoja alitaka kucheza.

Mtu huyo ni Ken Thompson, mtafiti wa Bell Labs huko New Jersey. Mwaka 1969 aliandika gemu iliyoitwa Space Travel, ambamo mchezaji aliongoza chombo katikati ya jua, sayari na miezi yake, akijaribu kutua salama. Kwenye kompyuta kubwa ya kazini, mchezo mmoja uligharimu takriban dola 75 za muda wa mashine, na picha zilirukaruka kiasi kwamba chombo hakikuongozeka vizuri. Thompson akaikuta PDP-7, kompyuta ndogo ambayo haikuwa na watumiaji wengi, akahamishia gemu yake huko kwa msaada wa Dennis Ritchie. Katika kuihamisha walijifunza kila kona ya mashine ile. Muda si mrefu wakaanza kuijengea utaratibu wa mafaili, kisha mfumo endeshi mzima, na huo ndio uliokuja kuitwa Unix.

Linus Torvalds naye hakuwa mgeni wa gemu. Akiwa kijana Helsinki aliandika gemu ya kufanana na Pac-Man kwa ajili ya kompyuta yake ya Sinclair QL. Januari 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alinunua kompyuta ya 386, na wakati akisubiri diski za mfumo wa Minix zifike alishinda akicheza Prince of Persia. Septemba mwaka huo alitoa toleo la kwanza la kiini cha Linux. Mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ya GPL: yeyote anaweza kusoma msimbo, kuubadilisha na kuugawa, mradi anayegawa mabadiliko yake ayagawe kwa masharti yaleyale. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoamua historia yote ya gemu kwenye Linux, kwa sababu liliweka mpaka kati ya kazi inayokufa na mwenye nayo na kazi inayorithiwa.

Gemu kubwa ya kwanza ya kibiashara ililetwa Linux kwa mapenzi ya mtu kuliko hesabu za soko. Kampuni ya id Software ya Texas ilitoa Doom mnamo Desemba 1993, na mwaka uliofuata mfanyakazi wake, Dave Taylor, akaihamishia kwenye Linux. Wachezaji wa Linux wakati huo walikuwa wachache mno kuweza kulipia kazi hiyo. Lakini Desemba 1997, John Carmack wa id alipoamua kuutoa msimbo wa Doom hadharani, toleo la awali la mfumo wa DOS lilikuwa na kizuizi: sauti yake ilitegemea maktaba ya watu wengine, ambayo id haikuwa na haki ya kuichapisha. Msimbo uliotolewa ukawa ule wa Linux. Mwaka 1999 ukahamishiwa kwenye leseni ya GPL, na Desemba mwaka huohuo msimbo wa Quake, gemu nyingine ya id, ukafuata. Kuanzia hapo watu wameichezesha Doom kwenye vikokotoo, kamera na printa, na matoleo yake mengi ya leo ni uzao wa msimbo ule.

Taylor mwenyewe alitoka id akaanzisha kampuni iitwayo Crack dot Com, iliyotoa gemu ya Abuse. Kampuni ilifungwa mwaka 1998 kabla ya kumaliza gemu yake ya pili, Golgotha. Waanzilishi wakaumwaga msimbo wote uwanjani uwe mali ya umma. Abuse bado inachezwa.

Wakati huo vyuoni kulikuwa na kazi ya aina nyingine. Katika idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, wanafunzi watatu, Peter Unold, Claus Leth Gregersen na Allan Ove Kjeldbjerg, walipenda gemu mbili: XPilot, iliyochezwa na watu wengi kwa pamoja kwenye mtandao wa chuo, na Civilization ya Sid Meier, iliyochezwa na mtu mmoja peke yake kwenye DOS. Novemba 1995 walianza kuziunganisha. Kufikia Januari 1996 gemu yao, Freeciv, ilikuwa inachezeka. Baada ya muda wakaenda na maisha yao, wengine wakaupokea msimbo, na baada yao wengine tena. Miaka thelathini imepita na Freeciv bado inatengenezwa, na watu wasiowahi kuonana na wale vijana watatu.

Battle for Wesnoth, gemu ya vita ya zamu kwa zamu aliyoianzisha David White mwaka 2003, ilikua kwa njia hiyohiyo. Wachoraji, watunzi wa muziki na watunzi wa hadithi walijitolea mmoja baada ya mwingine, mpaka ile michoro hafifu ya mwanzo ikabadilishwa yote. Wanaodhani kazi ya kujitolea haiwezi kupendeza machoni waitazame Wesnoth.

Mfano ulio bayana zaidi ni wa Tux Racer. Jasmin Patry, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, aliitoa mwaka 2000: pengwini anateleza kwa tumbo juu ya theluji na kula samaki njiani. Watoto waliipenda, wakubwa wakaitumia kupima kama kadi ya picha inafanya kazi. Kisha waandishi wake, chini ya kampuni yao ya Sunspire Studios, wakatoa toleo jipya la kuuza, lenye msimbo uliofungwa. Kampuni haikudumu, na toleo lile la kuuza likapotea pamoja nayo. Lile la bure, ambalo msimbo wake ulikuwa umeshasambaa, liliokotwa na watu wengine, likabadilishwa jina mara kadhaa, na leo linaitwa Extreme Tux Racer. Gemu moja iligawanyika pande mbili, na upande uliodumu ni ule uliokuwa wazi.

Katikati ya hayo yote inasimama habari ya Loki.

Novemba 1998, mwanasheria Scott Draeker aliacha sheria na kuanzisha Loki Software huko Tustin, California. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza: kampuni kubwa za gemu haziijui Linux, basi Loki ichukue gemu zao kwa leseni, izihamishe, izitie kwenye maboksi na kuziuza madukani. Mei 1999 ilitoa Civilization: Call to Power. Zikafuata Railroad Tycoon II, Myth II, Heroes of Might and Magic III, SimCity 3000, Descent 3 na nyingine. Sasa mtu aliweza kuingia dukani Marekani na kutoka na gemu ya Linux ndani ya boksi lenye mchoro na kitabu cha maelezo. Oktoba mwaka huo, kwenye maonyesho ya Linux ya Atlanta, Loki iliwafungulia washindani msimbo wa Civilization: Call to Power kwa saa 48 ili waonyeshe wangeubadilisha vipi. Jambo hilo linaonyesha walikuwa watu wa namna gani. Walikuwa wafanyabiashara, lakini walikuwa kwanza watu wa Linux.

Biashara iliwashinda. Loki ililazimika kulipia leseni kabla ya kuuza, na gemu zake zilifika sokoni baada ya zile za Windows. Quake III Arena ndiyo iliyoumiza zaidi. Boksi la Windows lilitangulia madukani Desemba 1999, na aliyelinunua aliweza kupakua bure programu ya kuichezea gemu hiyohiyo kwenye Linux. Mteja ambaye kompyuta yake ilikuwa na mifumo yote miwili hakuona sababu ya kungoja boksi la Loki, na huwezi kumlaumu. Agosti 2001 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Tarehe 31 Januari 2002 ikafunga milango, na wachapishaji wengi wakahitimisha kwamba watu wa Linux hawanunui gemu. Hitimisho hilo lilitawala kwa miaka kumi.

Lakini ndani ya Loki kulikuwa na kazi nyingine ambayo haikuwa ya kuuza. Mhandisi wake mkuu, Sam Lantinga, alikuwa ameanza mwaka 1998 kuandika maktaba iitwayo SDL. Kazi yake ni kumpa mwandishi wa gemu njia moja ya kufungua dirisha, kusoma vitufe, kupiga sauti na kuchora, bila kujali kama chini yake kuna Windows, Linux au Mac. Loki iliitumia katika gemu zake na kuiacha huria. Kampuni ilipokufa, hakuna mdai aliyeweza kuichukua SDL, kwa kuwa ilikuwa tayari mikononi mwa kila mtu. Leo SDL imo ndani ya gemu zisizo na idadi na ndani ya Steam yenyewe, duka la gemu la mtandaoni, na Lantinga aliajiriwa mwaka 2012 na Valve, kampuni yenye duka hilo. Mwenzake wa Loki, Ryan C. Gordon, aliendelea kuhamisha gemu kwa kandarasi, ikiwamo Unreal Tournament 2004. Katika miaka ya ukame baada ya Loki, sehemu kubwa ya gemu za kibiashara zilizofika Linux zilipita mikononi mwake.

Njia ya pili ya kucheza, isiyohitaji gemu kuhamishwa, ilikuwa imeshaanza tangu 1993. Bob Amstadt na Eric Youngdale walianzisha Wine, na tangu 1994 imeongozwa na Alexandre Julliard. Wine ni kama mkalimani anayekaa kati ya wazungumzaji wawili: programu ya Windows inaomba kitu kwa lugha yake, Wine inalipeleka ombi hilo kwa Linux kwa lugha yake, na kurudisha jibu. Ugumu ni kwamba kamusi haikuwapo. Waandishi wa Wine walilazimika kuchunguza kutoka nje jinsi Windows inavyojibu maelfu ya maombi, pamoja na makosa yake, na kuyaiga yote. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka kumi na mitano.

Njiani Wine ilipata jaribio kubwa. Leseni yake ya mwanzo iliruhusu mtu kuchukua msimbo, kuuboresha, na kuyafungia maboresho yake ndani. Kampuni ya Kanada, TransGaming, ilifanya hivyo mwaka 2001 kwa bidhaa yake WineX, baadaye Cedega, iliyokodishwa kwa dola chache kwa mwezi na kuchezesha gemu ambazo Wine ya kawaida haikuziweza. Machi 2002 watu wa Wine walibadilisha leseni: kuanzia hapo anayegawa Wine iliyoboreshwa alipaswa kuyatoa maboresho hayo pia. TransGaming ikabaki na msimbo wa zamani na kuendelea peke yake. CodeWeavers, kampuni ya Minnesota iliyomwajiri Julliard, ilifuata njia ya kuyarudisha kwa Wine maboresho yake. Cedega ilizimwa mwaka 2011. CodeWeavers bado ipo, na kazi yake itatajwa tena hapa chini.

Miaka ile watumiaji wa Linux waliongezeka hata kama gemu hazikuongezeka. Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, mwaka 2004, na hadi 2011 CD zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote alipo. Ndani ya CD ile mlikuwa na Mahjongg, Sudoku na karata za solitaire. Ni gemu ndogo, lakini kwa mtu asiye na intaneti nyumbani, zilikuwa ndizo alizokuwa nazo.

Dai la kwamba watu wa Linux hawalipi lilipata pigo Mei 2010. Waandishi wa gemu ndogo walikusanya gemu zao, zikiwamo World of Goo na Aquaria, wakaziuza kwa jina la Humble Indie Bundle kwa bei ambayo mnunuzi alijipangia mwenyewe. Takwimu zilionyeshwa wazi wakati wa mauzo. Kwa wastani, mnunuzi wa Linux alilipa karibu mara mbili ya mnunuzi wa Windows.

Aliyeibadili hali kabisa alitoka ndani ya kambi ya Windows. Gabe Newell alifanya kazi Microsoft kwa miaka 13 kabla ya kuanzisha Valve na baadaye duka la Steam. Julai 2012 alitamka hadharani kwamba Windows 8 ni janga kwa kila aliye katika biashara ya kompyuta binafsi. Hofu yake ilieleweka: Windows 8 ilikuja na duka lake, na mwenye mfumo angeweza siku moja kumbana mwenye duka jingine. Agosti mwaka huo wahandisi wa Valve walitangaza kwamba Left 4 Dead 2 ilikuwa ikichora picha 315 kwa sekunde kwenye Linux dhidi ya 270.6 kwenye Windows 7, kwenye mashine ileile. Tarehe 14 Februari 2013 Steam ya Linux ikafunguliwa rasmi.

Jaribio la kwanza la vifaa lilianguka. Steam Machines, kompyuta za sebuleni zilizotengenezwa na kampuni mbalimbali na kuendeshwa na Linux, zilitoka Novemba 2015 na hazikununuliwa sana. Sababu kubwa ni kwamba zilitegemea kila mwandishi wa gemu akubali kuihamisha gemu yake, na wengi hawakukubali.

Valve ikageukia Wine. Kufikia hapo kulikuwa na kitu ambacho Julliard na wenzake hawakuwa nacho miaka ya nyuma: Vulkan, njia mpya ya kuzungumza na kadi ya picha, iliyochapishwa wazi Februari 2016. Mwaka 2017 mwandishi wa programu Mjerumani, Philip Rebohle, alianza kuandika DXVK, inayogeuza maagizo ya picha ya Windows kuwa ya Vulkan. Alitaka kuicheza gemu ya NieR: Automata kwenye Linux, basi. Valve ikampa ajira, ikaungana na CodeWeavers, na tarehe 21 Agosti 2018 ikatangaza Proton: Wine, DXVK na viungo vingine vilivyofungwa pamoja ndani ya Steam. Gemu 27 zilithibitishwa siku hiyo. NieR: Automata ilikuwamo.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Februari 2022 Valve ilianza kuwapelekea wateja Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya kuchezea iliyouzwa kuanzia dola 399, inayoendeshwa na mfumo uliojengwa juu ya Arch Linux. Mnunuzi anaiwasha na kucheza, na wengi hawana haja ya kujua kilicho chini. Katika takwimu za kila mwezi za Steam, kompyuta za Linux zilizokuwa karibu asilimia 1 mwaka 2021 zilivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza Oktoba 2025, mwezi uleule Microsoft iliposimamisha msaada wa Windows 10.

Asilimia 3 si ushindi, na kuna mlango ambao bado umefungwa. Gemu kadhaa za mashindano ya mtandaoni zinatumia programu za kuzuia udanganyifu zinazojipenyeza ndani kabisa ya Windows, na wenye gemu hizo hawaiamini Linux, hasa kwa sababu mtumiaji anaweza kuibadilisha. Fortnite haijawahi kuruhusiwa. Apex Legends ilikuwa ikichezeka, kisha Oktoba 2024 watumiaji wa Linux wakafungiwa nje. Hapo ufundi wa Proton haufui dafu, kwa sababu tatizo ni ruhusa. Pia inafaa kusemwa wazi kwamba Steam yenyewe si huria. Proton ingeweza kuishi bila Valve, lakini gemu alizonunua mtu zimo kwenye akaunti inayomilikiwa na kampuni moja.

Afrika Mashariki nayo inacheza juu ya Linux kuliko inavyojijua. Simu za Android zinazouzwa Kariakoo, River Road au Goma zina kiini cha Linux ndani yake, na kijana anayecheza mpira kwenye simu ya Tecno anakitumia kila siku. Lakini gemu zenyewe karibu zote ni za kufungwa, na mwenye seva anapoamua kuizima, gemu inakufa pamoja na saa zote zilizotumika humo.

Kwa hiyo neno hili ni kwa wanaoandika gemu Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura, ambao wengi wao hufanya kazi kwa vikundi vidogo na fedha kidogo. SDL ni bure, na leseni yake haimkatazi mtu kuuza alichokiandika. Godot, mashine huria ya kutengenezea gemu, ni bure vilevile na inatoa gemu ya Linux, ya Windows na ya Android kutoka kwenye kazi moja. Uzeni gemu zenu, mlipwe jasho lenu. Siku gemu ikiacha kuwalipa, au kikundi kikivunjika, uwekeni msimbo wake hadharani kwa leseni iliyo wazi, mkitaja majina yenu, ili mwanafunzi wa chuo anayekuja nyuma yenu apate pa kuanzia.